Binti Amemaliza Kidato cha Nne: Kozi ya Biashara na Ofisi Ina Faida Gani?

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa KCSE, ziko nyumba za Mji wa Kale zinazosherehekea, na ziko zinazonyamaza. Katika hizo zilizonyamaza, binti aliyepata alama ndogo huambiwa kwamba masomo yamekwisha, na sasa asubiri. Makala haya yamwelekea yeye, pamoja na mama yake, na baba ambaye huenda hakusema neno lakini moyoni ameshakata shauri.

Wazazi wapendwa, masomo hayajakwisha. Kwa utaratibu wa vyuo vya ufundi nchini Kenya, mwenye alama ya C- aweza kuanza stashahada, mwenye D akaanza cheti, na aliye chini ya hapo akaanzia ngazi ya awali. Anayefaulu ngazi ya chini hupanda ya juu. Miongoni mwa kozi hizo zimo za biashara na kazi za ofisi, ambazo wengi wetu huzidharau kwa kudhani kwamba ni za kupiga taipu tu.

Ni kweli kwamba zamani kazi hii ilijulikana kwa jina la uhazili, na aliyeisomea alipimwa kwa wepesi wa vidole na hati mkato. Taipureta zimeondoka, lakini kazi yenyewe imebaki na kupanuka. Leo mwanafunzi wa mwanzo hufunzwa kuandika barua rasmi na kumbukumbu za mkutano, kutunza majalada, kutumia kompyuta, na kuweka hesabu. Hili la mwisho ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa nyumba zetu, na tulitazame kwa mfano.

Tuseme yuko mama Kibokoni auzaye mahamri na mbaazi mlangoni pake. Asubuhi alinunua unga, sukari, iliki, nazi, mbaazi na mafuta kwa shilingi 1,900. Jioni mkobani mna shilingi 3,000, naye aamini amepata faida ya 1,100. Lakini makaa na mifuko ya shilingi 400 vilitoka katika fedha za matumizi ya nyumbani. Gharama yake hasa ni 2,300, na faida ni 700. Kisha katika mkoba ule ule akatoa 900 za nauli ya tuktuk na kitoweo. Zimebaki 2,100, na kesho ahitaji 2,300 ili apike kiasi kile kile. Ameula mtaji wake kwa shilingi 200 bila kujua. Mwisho wa mwezi atasema biashara imeingia jicho, kumbe kilichokosekana ni daftari.

Binti aliyesoma muhula mmoja wa kuweka hesabu ataliona kosa hilo siku ya kwanza. Atatenganisha fedha za biashara na za nyumba, atarekodi kila kinachoingia na kinachotoka, na ataandika majina ya waliokopa. Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ile inayoamrisha deni liandikwe, kwa uadilifu na mbele ya mashahidi, liwe dogo au kubwa.

Wazee wetu pia waliithamini elimu ya kazi. Pale Tudor, kisiwani humu humu, palijengwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa herufi za MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, wakasomea umeme, mitambo, useremala na ubaharia, kazi zilizohesabiwa kuwa za wanaume. Mwaka 1966 ilifunguliwa kwa Wakenya wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo mabinti huingia mlango ule ule, na kozi za biashara zimo.

Kabla ya kulipa karo popote, ulizeni mambo matatu. Kwanza, je, chuo kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA? Ombeni kuiona hati yenyewe, msitosheke na kibao cha barabarani. Pili, ni nani atakayetahini na kutoa cheti: KNEC, CDACC, KASNEB, au ni chuo chenyewe tu? Cheti kisichotambuliwa hakitampandisha ngazi inayofuata. Tatu, je, mwanafunzi hukaa na kompyuta yake, au hugawana na wenzake wanne?

Wako wazazi wanaohofia ofisi itamvua binti stara yake. Hofu hiyo ina sababu, basi izungumzwe nyumbani bila ukali. Lakini ijulikane pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imekataza mtu kunyimwa chuo au kazi kwa sababu ya dini yake. Na asiyetaka ofisi ya watu aweza kuifanya biashara ya nyumbani kwao kuwa ofisi yake.

Tunapendekeza jaribio moja lisilo na gharama kubwa. Mnunulieni binti daftari, mkabidhini hesabu ya biashara ya mama au ya matumizi ya nyumba kwa mwezi mmoja, na kila Ijumaa awasomee alichoandika. Akiipenda kazi hiyo, mtakuwa mmepata jibu kuhusu kozi. Asipoipenda, bado mtajua fedha zenu huenda wapi.

Mwenyezi Mungu awafungulie mabinti zetu milango ya kheri.