Ukishtakiwa kwa Kujaribu Kuvunja Nyumba, Ufanye Nini?

Wizi ni adui wa kijiji. Mwizi akikamatwa, watu hufurahi. Lakini si kila anayekamatwa usiku ni mwizi. Na hata aliyekosa kweli, sheria inataka asikilizwe kwanza. Leo tujifunze mtu afanye nini akishtakiwa kwa kujaribu kuvunja nyumba. Tunaeleza sheria ya Tanzania Bara.

KOSA LENYEWE NI LIPI?

Kuvunja nyumba si lazima kubomoa ukuta. Kwa sheria, hata kusukuma mlango ulioegeshwa tu ni kuvunja. Mtu akivunja nyumba ya kuishi na kuingia, kwa nia ya kutenda kosa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Akifanya hivyo usiku, anaweza kufungwa hadi miaka 20. Usiku wa sheria huanza saa 1 jioni na kwisha saa 12 asubuhi.

Je, kama hakufaulu kuingia? Hapo kosa ni kujaribu. Kwa kujaribu kosa kubwa namna hii, kifungo ni hadi miaka 7. Basi usidhani kwamba ukisema, "Mimi sikuchukua kitu," mambo yamekwisha.

Lakini kujaribu kuna mipaka yake. Mshtaki lazima athibitishe mambo mawili: kwamba ulikuwa na nia ya kutenda kosa, na kwamba ulikwisha anza kulitenda. Mtu anayekutwa saa 8 usiku anang'oa dirisha kwa nondo, huyo ameanza. Mtu anayekutwa anapita tu karibu na nyumba akitoka ngomani, huyo hajafanya kosa. Ndiyo maana maneno utakayoyasema na karatasi utakayotia sahihi vina uzito mkubwa.

UKIKAMATWA

Mwananchi au sungusungu anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa la namna hii. Lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kukawia. Kumpiga mtuhumiwa ni kosa. Kumchoma moto ni kuua. Wewe uliyekamatwa usipigane. Omba upelekwe polisi.

Ukifika kituoni, kumbuka haki zako:

1. Uambiwe sababu ya kukamatwa.

2. Taja jina lako na mahali unapokaa. Juu ya kosa lenyewe, hulazimishwi kusema.

3. Unaweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

4. Usipigwe wala kutishwa ili ukiri.

5. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hilo lisipowezekana, na kosa si zito, uachiwe kwa dhamana.

Sasa sikiliza jambo hili. Polisi akiandika maelezo yako, atakupa uyasome na kutia sahihi. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Wewe leo unajua kusoma. Basi soma! Soma polepole, neno kwa neno. Ukiona neno ambalo hukusema, mwambie alisahihishe. Usione haya kwamba unasoma taratibu. Karatasi hiyo itasomwa tena mbele ya hakimu.

DHAMANA

Kosa la kujaribu kuvunja nyumba lina dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekudai "ya chai" ili akutoe anaomba rushwa, na rushwa ni kosa. Mdhamini mzuri ni mtu anayejulikana, mwenye barua ya serikali ya kijiji na kitambulisho. Ukipata dhamana, hudhuria kila tarehe unayopangiwa. Usipofika, utakamatwa, na mdhamini wako atapata taabu.

MBELE YA HAKIMU

Hakimu atakusomea shtaka, kisha atakuuliza kama ni kweli au si kweli. Watu wengine hujibu, "Ni kweli," wakitaka kesi iishe haraka warudi shambani. Hilo ni hatari. Ukikiri, utahukumiwa palepale. Baadaye huwezi kukata rufaa kupinga kwamba una hatia, labda kupinga adhabu tu. Kama hukuelewa shtaka, sema, "Sijaelewa, naomba nielezwe."

Ukikana, si kazi yako kuthibitisha kwamba huna kosa. Mshtaki ndiye mwenye mzigo huo. Kama ulikuwa mahali pengine usiku ule, sema mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na utaje walio na habari.

Shahidi akisema alikuona gizani, muulize maswali. Palikuwa na mwanga gani? Tulikuwa umbali gani? Uliniangalia kwa muda gani? Ulikuwa unanijua kabla? Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na mahakama iupime kwa mambo kama hayo.

MSAADA WA KISHERIA

"Sina fedha za wakili." Wengi husema hivyo wakakata tamaa. Lakini tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria. Inawahusu watu wasio na uwezo, na msaada huo ni bure.

Pa kuanzia ni kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii akuonyeshe alipo. Msaidizi huyo atakueleza sheria na kukuelekeza, ila hawezi kukutetea mahakamani kama wakili. Kazi hiyo ni ya wakili. Mwambie hakimu kwamba huna uwezo wa kumlipa wakili. Hakimu akiona haki inadai hivyo, anaweza kuagiza upewe msaada.

Jihadhari na vishoka. Hao hukaa karibu na mahakama wakijiita mawakili. Hula fedha za watu, kisha hawaonekani. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba uone kitambulisho, na uulize ofisi ya mahakama kama wanamfahamu.

Ukihukumiwa na mahakama ya wilaya na hukuridhika, toa taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 10. Rufaa yenyewe iletwe ndani ya siku 45. Aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Siku hizo huisha upesi, kwa hiyo usingoje.

Ndugu msomaji, kushtakiwa si kuhukumiwa. Soma kabla ya kutia sahihi. Elewa kabla ya kujibu. Tafuta msaada siku ya kwanza, si siku ya hukumu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na nia na kujaribu?

2. Kwa nini ni hatari kukiri ili kesi iishe haraka?

3. Msaidizi wa kisheria aliye karibu na kijiji chetu ni nani, na anapatikana wapi?