Fahamu: Kwa nini mgonjwa wa Marburg hapewi aspirini

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Dodoma kwamba homa ya Marburg imethibitika wilayani Biharamulo, suala la kidonge cha maumivu, ambacho aghalabu watu hukidharau kwa wepesi wake, likawa suala la uhai na mauti.

Aspirini, pamoja na ibuprofeni na diklofenaki, hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuzuia kimeng'enya kinachozalisha prostaglandini. Walakini kimeng'enya hicho ndicho pia huzisaidia chembe sahani za damu kushikamana, na chembe iliyokwisha kuguswa na aspirini hairudishiwi kudura hiyo mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Kumpa dawa hiyo mtu anayeweza kutokwa damu fizini na tumboni ni kumwongezea msiba. Badala yake mgonjwa hupewa parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, tena kwa hadhari, maana Marburg hulidhuru ini.

Mbali na maumivu, shinikizo la damu la mgonjwa likiporomoka, na maji ya mishipani yasifae, hutumiwa noradrenalini, iigayo kazi ya neva zisizotii hiari yetu, ikabana mishipa. Muuguzi hana budi kuikagua sindano kila mara, kwani dawa ikivuja, nyama ya mahali pale huoza.

Tukirudi kwenye dawa za maumivu, madukani vimo vidonge vilivyochanganya diklofenaki na parasetamoli. Basi mgonjwa aulizwe kwanza amekwisha kumeza nini.