Zizi Moja, Mafahali Wawili (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia klabu yenye uwanja wake, mfano wa Azam kule Chamazi. Leo tuwatazame wapangaji. Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watazamaji 60,000, ni mali ya serikali. Simba wameuita nyumbani, Yanga nao vilevile. Sasa watani wa jadi wakikutana hapo, mgeni ni nani?

Ratiba ina jibu lake: anayetajwa kwanza ndiye mwenyeji, na mzunguko wa pili wanabadilishana. Jukwaani jibu hilo halisomeki. Awe mwenyeji nani, wekundu wana upande wao, njano na kijani wana wao, na aliyekosea njia akaibukia upande wa pili na jezi yake hujulishwa kabla hajafika kwenye kiti.

Hata hivyo, uenyeji wa karatasi una meno. Machi 8, 2025, Yanga wakiwa wenyeji, mechi ya watani iliahirishwa siku yenyewe. Simba walikuwa wamegoma kucheza, wakisema usiku wa kuamkia siku hiyo walizuiwa kuingia Mkapa kufanya mazoezi, haki ambayo kanuni humpa mgeni. Uwanja waliouzoea miaka yote, usiku ule walihesabiwa wageni.

Jiji la Milan, Italia, linaujua mkasa wa namna hii. San Siro ulijengwa mwaka 1926 kwa ajili ya AC Milan. Inter walihamia mwaka 1947. Mei 2003 wakakutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mechi ya kwanza, Milan wenyeji, ilikwisha 0-0. Ya pili, Inter wenyeji, ilikwisha 1-1. Milan wakafuzu kwa bao la ugenini, bao ambalo Shevchenko alilifunga kwenye uwanja wa nyumbani wa Milan! Wakaenda Manchester, wakatwaa kombe mbele ya Juventus kwa penalti.

Kwani nyumbani kunamsaidia nini mchezaji? Hasafiri, anazijua nyasi, na ana watu wake wa kumsukuma yeye na kumtia presha mwamuzi. Bundesliga iliporejea Mei 2020 majukwaa yakiwa matupu, wenyeji walishinda mara chache kuliko kawaida, ingawa nyasi zilikuwa zilezile. Wapangaji wa uwanja mmoja wanapokutana, safari hakuna na nyasi wote wanazijua. Kinachobaki ni watu, nao wamegawana majukwaa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mpangaji hana raha. Simba na Yanga wote wamewahi kutozwa faini kwa kuingia uwanjani kwa njia isiyo rasmi siku ya mechi yao, na mitaani kila mtu anajua kinachokwepwa: kilichotegwa mlangoni. Ukweli wa mtego huo tuwaachie wenyewe. Mimi naona jambo moja tu. Mtu anayezunguka nyuma kwa kuhofia mlango wa mbele, hata akikuonyesha ratiba yenye jina lake juu, hapo hajafika kwake.

Wiki ijayo: gharama ya kujenga kwako.