Goran na Fainali ya Nne

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za Goran Ivanišević, mtoto wa mji wa Split, pwani ya Kroatia. Alizaliwa mwaka 1971, na raketi aliishika kwa mkono wa kushoto.

Kila pointi ya tenisi huanza kwa mchezaji kurusha mpira juu na kuupiga uvuke wavu. Goran aliupiga kwa kasi kiasi kwamba mara nyingi mpinzani hakuugusa kabisa. Pointi za namna hiyo alizipata zaidi ya 10,000.

Lakini kombe moja lilimsumbua: Wimbledon, Uingereza, ambako tenisi huchezwa kwenye nyasi. Mwaka 1992 alifika fainali, Andre Agassi akamshinda. Mwaka 1994 akarudi, Pete Sampras akamshinda. Mwaka 1998, Sampras yule yule akamshinda tena.

Ilipofika 2001 bega lilikuwa likimuuma, na alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya 125 duniani. Kwa nafasi hiyo hakustahili hata kuingia moja kwa moja. Waandaaji walimkaribisha kwa upendeleo tu. Basi akaanza kushinda, mechi baada ya mechi! Nusu fainali na Tim Henman ilikatizwa na mvua hadi ikachukua siku tatu. Jumatatu, Julai 9, akaingia fainali na Patrick Rafter wa Australia.

Wakatoshana nguvu hadi seti ya tano, ya mwisho. Ikabaki pointi moja Goran awe bingwa. Akakosea kuanzisha mara mbili, pointi ikapotea. Akaipata nafasi ya pili, akakosea vilevile. Ya tatu, Rafter akampitishia mpira juu ya kichwa. Ya nne, mpira wa Rafter ukanasa wavuni! Seti ikaisha 9–7. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine aliyealikwa kwa upendeleo akatwaa taji hilo la mchezaji mmoja mmoja.

Alistaafu mwaka 2004, kisha akawa kocha. Alimnoa Mkroatia mwenzake, Marin Čilić, na mwaka 2014 Čilić akatwaa ubingwa wa US Open. Mwaka 2019 Goran akajiunga na Novak Djokovic wa Serbia, aliyekuwa na mataji makubwa 15. Walipoachana Machi 2024, Djokovic alikuwa amefikisha 24.

Kocha hawezi kumshikia mchezaji raketi. Kazi yake kubwa ni kumwandaa kabla, kisha kukaa kando na kutazama. Naamini Goran aliifaa kazi hiyo kwa sababu aliujua ushindi, na aliijua vizuri pia hofu ya kubakiwa na pointi moja.

Kwa hiyo mkishindwa, chunguzeni mmeshindwa wapi. Siku moja mdogo wenu atawauliza njia, nanyi mtamwonyesha hata mashimo yaliyomo njiani.