Nafasi ya lugha katika mafunzo ya mwanasaikolojia wa shule

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanasaikolojia wa shule anavyoandaliwa katika masomo ya juu, na kuonyesha nafasi ambayo elimu ya lugha inastahili kupewa katika maandalizi hayo. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini suala la saikolojia lizungumzwe katika kurasa zinazohusu Kiswahili. Jibu letu ni fupi. Sehemu kubwa ya yale ambayo mwanasaikolojia huyapima kwa mtoto, huyapima kwa njia ya maneno. Endapo maneno hayo ni mageni kwa mtoto, alama anayoipata huonyesha umbali uliopo kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya shule, ilhali hati itakayoandikwa itasema kwamba akili yake ni pungufu.

2. Chanzo cha kazi hii

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida. Mwaka uliofuata, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha kwanza cha akili. Nia ilikuwa kumsaidia mtoto, si kumtupa. Hata hivyo, tangu siku hizo, anayeshika kipimo ameshika pia mamlaka makubwa: neno lake laweza kumpeleka mtoto katika darasa maalum, kumrudisha nyuma mwaka mmoja, au kumfungia njia ya masomo aliyoitamani. Ndiyo maana nchi nyingi hazimruhusu mtu kuifanya kazi hii bila mafunzo marefu.

3. Mafunzo yanavyopangwa

Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule, kilichoundwa mwaka 1969, kinataka mwanafunzi aliyekwisha kupata digrii ya kwanza asome walau miaka mitatu zaidi. Ndani ya muda huo hufanya mazoezi ya kazi ya saa zisizopungua 1200, na angalau 600 kati ya hizo ziwe shuleni. Masomo yenyewe yanahusu makuzi ya mtoto, kujifunza na matatizo yake, upimaji na takwimu, ushauri kwa walimu na wazazi, sheria na maadili ya kazi. Wapo pia wanaoendelea hadi udaktari.

Nchini Ufaransa, jina la mwanasaikolojia linalindwa na sheria ya mwaka 1985. Tangu mwaka 2017, wanasaikolojia wa shule za msingi na washauri wa mwelekeo wa masomo katika shule za sekondari wamewekwa katika kundi moja la watumishi wa serikali, lenye matawi mawili. Mgombea sharti awe na shahada ya uzamili ya saikolojia na ashinde mtihani wa kuajiriwa, kisha afanye mwaka mmoja wa majaribio.

Hapa Kongo, mpango wa zamani ulikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi. Mageuzi yaliyoanza katika mwaka wa masomo 2021-2022 yameleta miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta. Kila mageuzi ni nafasi ya kuyapitia masomo upya, na hapo ndipo hoja yetu inapopata uzito wake.

4. Mafunzo kutoka mahali pengine

Mwaka 1970, huko California, wazazi wa watoto tisa wenye asili ya Meksiko walifungua kesi inayojulikana kwa jina la Diana. Watoto wao waliozoea Kihispania walikuwa wamepimwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao walivuka kiwango kilichowatia humo. Mwaka 1975 sheria ya Marekani kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliamuru mtoto apimwe kwa lugha yake ya asili.

Kuacha maneno peke yake hakutoshi. Mwaka 1956 André Ombredane na wenzake walitangaza matokeo ya kipimo cha michoro walichowapa Waasalampasu wa Kasai. Kipimo hakikuhitaji maneno mengi. Hata hivyo, kiliporudiwa kwa watu walewale, alama zilipanda. Mazoea ya chombo yalikuwa yakipimwa pamoja na akili. Naye Robert Serpell, mwaka 1979, aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Waingereza walishinda kwa kalamu na karatasi. Wazambia walishinda kwa kuunda maumbo ya waya, mchezo walioujua tangu utotoni. Kwa udongo wa mfinyanzi makundi mawili yalikaribiana.

5. Kutafsiri si kugeuza maneno tu

Tuseme sasa tunataka kumpima mtoto wa Lubumbashi kwa Kiswahili. Swali la Kifaransa linalomtaka aonyeshe kwanza kiganja na vidole, kisha kiungo kizima hadi begani, lina majina mawili ya kawaida. Katika Kiswahili vyote viwili huitwa mkono. Swali la saa nalo lina mtego: saa mbili asubuhi ya Mswahili ndiyo saa nane ya Mfaransa. Mtoto aliyetoka Kinshasa huenda akasitasita mbele ya jana na kesho, kwa kuwa Kilingala huzitaja zote mbili kwa neno lobi, na wakati wa kitenzi ndio unaozitenganisha.

Zaidi ya hayo, ni Kiswahili kipi? Mtoto wa hapa husema katoto na tutoto, husema selasini badala ya thelathini. Cibemba na Kiluba havina sauti r, kwa hiyo mtoto anayesema balabala hana kasoro ya ulimi. Anafuata utaratibu wa lugha ya kwao. Mpimaji aliyefundishwa Kiswahili sanifu pekee ataziandika sifa hizi zote kuwa makosa. Basi kipimo cha Kiswahili sanifu chaweza kumdhulumu mtoto sawasawa na kile cha Kifaransa.

6. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Itakuwa ajabu mtoto afundishwe kwa lugha moja na ahukumiwe kwa nyingine. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wanaoandaa wanasaikolojia wa shule: somo la isimujamii linalochunguza lugha jinsi zinavyosemwa katika miji na vijiji vyetu, mazoezi ya kuandaa na kujaribu vipimo kwa ushirikiano na wanaisimu, na kanuni kwamba kila ripoti itaje lugha iliyotumika kumpima mtoto pamoja na lugha anazozisema nyumbani. Kanuni hii ya tatu haihitaji fedha wala mitambo, na yaweza kuanza mwaka huu wa masomo.