Klasi ya Java si darasa: Ielewe kwa mfano wa matatu

MWANAFUNZI wa kompyuta akilalamika nyumbani kwamba "class" imemshinda, huenda mzazi akadhani mwanawe amekosana na mwalimu, au darasa lake lina kelele. Kumbe sivyo. Katika lugha ya Java, neno hilo, ambalo hapa tutaliita klasi, halihusiani na ubao wala chaki.

Ni hapa ambapo wanafunzi wengi hukwama. Badala ya kuelewa, hukariri. Huandika mistari ya kitabuni neno kwa neno, hupita mtihani, kisha wakiambiwa waandike programu yao wenyewe hubaki kukodoa macho. Karo imelipwa, miezi imepita, na ujuzi haupo. Ilhali jambo lenyewe laweza kueleweka hata na mtu asiyewahi kugusa kompyuta, mradi amewahi kupanda matatu.

Wazo la klasi si la jana. Lilianzia nchini Norway katika miaka ya 1960, wakati Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa jijini Oslo walipounda lugha iitwayo Simula. Nia yao ilikuwa kuiga ndani ya kompyuta shughuli za ulimwengu, wala si kupiga hesabu tu. Java ilifuata baadaye sana. James Gosling na wenzake katika kampuni ya Sun Microsystems, Marekani, walianza kuitayarisha mwaka wa 1991 wakiiita Oak, jina la mti uliokuwa nje ya ofisi ya Gosling. Ilipotangazwa rasmi Mei 1995 ilikuwa imepewa jina la Java, ambalo Wamarekani hulitumia mitaani kumaanisha kahawa. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun mwaka wa 2010.

Mchoro na gari lenyewe

Fundi anayejenga bodi ya matatu huanza na mchoro. Mchoro huonyesha mlango utakaa wapi, na huacha nafasi ya kujaza idadi ya viti. Lakini hakuna abiria aliyewahi kupanda mchoro akafika mjini! Mchoro huo ndio klasi. Gari linalotoka karakana na kuingia barabarani ndilo objekti.

Kutokana na mchoro mmoja, magari mia yaweza kuundwa, na kila moja likawa na abiria wake. La Umoja likijaa, la Kawangware halijai kwa sababu hiyo. Hivi ndivyo mchoro huo unavyoandikwa kwa Java:

class Matatu {
    private int viti;
    private int abiria;

    Matatu(int v) {
        viti = v;
        abiria = 0;
    }

    boolean pandisha() {
        if (abiria == viti) {
            return false;
        }
        abiria = abiria + 1;
        return true;
    }
}

Tazama kwamba majina tuliyochagua ni ya Kiswahili, na Java haikasiriki. Maneno yake yenyewe ya Kiingereza ni takriban 50 tu. Mengine yote ni hiari ya mwandishi.

Mistari miwili ya kwanza ndani ya klasi ni mambo ambayo kila matatu hujua kujihusu: ina viti vingapi, imebeba abiria wangapi. Sehemu inayofuata ndiyo karakana. Hapo gari huundwa, hupewa viti vyake na huanza likiwa tupu. Ya mwisho, pandisha, ni kazi ambayo gari linaweza kufanya. Kazi kama hiyo huitwa methodi. Tukitaka magari mawili, tunasema:

Matatu umoja = new Matatu(14);
Matatu kawangware = new Matatu(33);

Neno "new" ndilo linaloiagiza karakana iunde gari jipya.

Mlango ni mmoja

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Wakenya wanaikumbuka Februari 2004, wakati kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa. Matatu ndogo ziliamrishwa kubeba abiria 14 pekee. Kabla ya hapo, makanga waliapa kwamba matatu haijai. Wengine walining'inia mlangoni, na wengine waliingia kwa dirisha.

Neno "private" kwenye programu yetu ndilo linalofunga madirisha hayo. Linaiambia kompyuta kwamba hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kugusa hesabu ya abiria. Anayetaka kupanda sharti apitie mlangoni, yaani kwenye pandisha, na pale mlangoni kuna makanga mwaminifu anayehesabu. Viti vikijaa, jibu ni "false": hapana, subiri gari jingine.

Ukiliondoa neno hilo, mtu yeyote anayeandika sehemu nyingine ya programu anaweza kuweka abiria 40 katika gari la viti 14, au hata abiria watatu chini ya sifuri. Kompyuta haitalalamika. Itaendelea na kazi, na kosa litajulikana baadaye sana.

Ikiwa mfano wa abiria unaonekana mchezo, weka shilingi mahali pao. Badala ya matatu, andika klasi ya akaunti. Salio liwe siri, na methodi ya kutoa pesa ikatae kiasi kinachozidi salio. Msomaji ataona mara moja kwa nini mwenye akiba yake hangependa akaunti yenye madirisha wazi.

Mtoto wa nyoka

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Java nayo ina urithi. Ukishaandika klasi ya Gari yenye magurudumu na injini, huna haja ya kuyarudia kwa kila aina ya gari. Unaandika "class Matatu extends Gari", na matatu inarithi ya mzazi wake, kisha inaongeza yake. Ambulensi nayo yaweza kurithi kutoka kwa Gari hilo hilo na kuongeza king'ora. Kosa la injini likirekebishwa kwa mzazi, watoto wote wamepona.

Mwanafunzi asiishie kusoma. Vifaa vya kuandikia Java, yaani JDK, hupatikana bila malipo. Andika klasi hii katika faili iitwayo Matatu.java, kisha uongeze methodi ya pili, shusha, ya kuteremsha abiria. Jiulize: makanga akague nini kabla ya kumshusha mtu?

Na mzazi asijione mgeni. Mwanao akifungua kompyuta jioni, muulize maswali matatu: Mchoro ni upi? Gari ni lipi? Nani analinda mlango? Akikujibu kwa maneno yake mwenyewe, bila kuchungulia kitabuni, karo yako haikupotea.