Jino Jeusi Halipigwi Picha

Kazi kubwa ya daktari wa meno wa watoto haionekani. Mtoto wa miaka minne huzoeshwa kwanza kiti, kioo na sauti ya mashine: aelezwe, aonyeshwe, ndipo atibiwe. Addelston aliuandika utaratibu huo Marekani mwaka 1959, na hadi leo ndio msingi wa fani. Ziara nzima yaweza kwisha bila jino kuguswa, na daktari akawa amefanya kazi njema kabisa.

Mtandaoni, kazi hiyo haina pa kukaa, wala tiba isiyopendeza machoni. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwa kibrashi kwenye tundu, bila sindano wala kuchimba, na mara nyingi uozo husimama. Ila palipooza hugeuka peusi tii. Ipo pia njia yenye jina la Norna Hall, daktari wa Uskoti: gego bovu la utotoni huvishwa kofia ya chuma bila ganzi. Mtoto hapati maumivu makubwa, lakini nani ataweka Instagram picha ya gego la chuma?

Kinachopendwa huko ni kofia nyeupe za zirkonia, picha ya kabla na ya baada. Si tiba mbaya, ingawa hudai jino lichongwe zaidi. Hatari ni kwamba daktari kijana, akisifiwa kila aonyeshapo weupe, huanza kujiona fundi wa tabasamu kuliko mlinzi wa mtoto. Mzazi naye huja na simu mkononi, ameshachagua tiba kabla mwanawe hajafunguliwa kinywa.

Hata hivyo, simu hiyo hiyo yaweza kumrudishia daktari heshima yake ya kweli. Tanzania, wapo wanaoamini kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga husababishwa na “meno ya plastiki”. Ufizi huchanwa, na kinachong'olewa ni chipukizi la chonge. Mtoto huweza kuvuja damu, kupata maambukizi, hata kufa, huku ugonjwa wenyewe haujatibiwa. Video fupi ya daktari akiwaeleza wazazi jambo hili kwa lugha yao, kwangu mimi, ina thamani kubwa kuliko picha mia za meno meupe.

Na picha ni ya nani? Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mzazi anaweza kutia saini, lakini anayelia kitini ni mtoto, naye ndiye atakayekua na picha hiyo. Daktari, mwachie uso wake. Onyesha mswaki, onyesha kibrashi cha dawa, na jino jeusi lionyeshe pia, uwaeleze wazazi kwa nini limepona.